Laini ya Wageni

Jumatatu, 4 Mei
Ofisini Bukoba tangu saa mbili. Nachora mpango wa mtandao wa kampuni. Laini mbili: ya ofisi na ya wageni, zisikutane kamwe. Tawi la Muleba linanunua kahawa kwa laini moja, wazi kama mlango wa kilabu. Meneja anasema vifaa ni mwezi ujao. Kila siku mwezi ujao! Amenichosha.

Jumatano, 6 Mei
Muleba. Nimebadilisha neno la siri. Tunalijua wawili tu, mimi na Editha, karani wa pale. Nikamwambia asimpe mtu, hata padri. Kacheka. "Hata wewe ukilisahau sikupi, kaka."

Ijumaa, 8 Mei
Muleba tena. Editha ghalani, anapokea magunia. Baba mkwe kaingia na kompyuta yake kuukuu, anataka kumtumia shemeji barua. Laini ya wageni bado iko kwenye karatasi yangu. Tukatafuna akamwani, buni zetu za kumkaribisha mgeni, kisha nikamwingizia neno la siri la ofisi kwa mkono wangu mwenyewe. Ningemwambiaje? Kaniita "mwanangu" mbele ya wakulima. Mkwe hanyimwi. Dakika kumi tu.

Jumatatu, 11 Mei
Balaa, waitu! Kirusi kimefunga kompyuta zote za Muleba. Majina ya wakulima, mashamba yao, miaka sita ya kazi ya Editha, hakuna kinachofunguka. Nakala hakuna. Nazo zilikuwa za mwezi ujao.

Jumanne, 12 Mei
Nimesoma kumbukumbu za ruta. Kiliingia Ijumaa, na kompyuta ya mkwe. Jina lake liko pale waziwazi. Kampuni nzima ni mimi tu ninayejua kuzisoma. Meneja anataka ripoti kesho, ila moyoni keshaamua. Kaniambia, "Neno la siri mnalijua wawili, na wewe ndiye uliyelitunga. Ni yule mama."
Nikafunga kompyuta.

Jumatano, 13 Mei
Nimeandika: "Mashine isiyojulikana." Maneno mawili. Nikikiri, kazi sina, na mkwe ataaibika Muleba nzima. Editha kaapa kwa Bikira Maria kwamba hajampa mtu. Nikaangalia viatu vyangu. Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Ijumaa, 15 Mei
Editha kaachishwa kazi. Jioni mkwe kaleta mkungu wa ndizi, shukrani ya barua. Mke wangu kapika. Nimesukuma sahani, nikasingizia tumbo.

Jumatatu, 25 Mei
Vifaa vimefika. Mpango wangu umepitishwa wote, Meneja kanisifu kikaoni. Nimefunga laini mbili Muleba, ya ofisi na ya wageni. Mvua tangu asubuhi. Kwenye droo ya Editha kuna bahasha, imefungwa kwa gundi, jina langu juu. Ndani neno la siri, na chini yake mwandiko wake: "Nakurudishia, kaka. Sikumpa mtu."
Nimelifuta, nimeweka jipya. Hili nalijua peke yangu.