Ushahidi wa Susu na Kiti Kisicho na Jaji

S.L.P. 1147,
Mwiki, Ruiru.
Jumapili, 15 Machi 2026

Mpendwa Aunty Dianah,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu Januari ya mwaka jana, na nimeona niiandike kabla ya salamu: komeo la mlango wa chumba cha mahakama likisukumwa kutoka ndani. Tulikuwa nje kwenye benchi, mimi na mama yako, Susu wetu sisi wajukuu. Alikuwa amevaa lile koti la kijani ulilomtumia, na maneno yake alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, kwa kuwa siku hiyo ndiyo aliyopewa kutoa ushahidi. Tukasikia komeo. Kisha karani akatokea mlango wa pembeni, akasema jaji amestaafu na kesi zote zitatajwa tena tarehe nyingine. Susu akaniuliza, "Amekataa kunisikiliza?" Nikamwambia hakuna jaji ndani wa kukataa.

Sasa salamu. U hali gani, Aunty? Mgongo wako je, na kazi ya kuwainua wale wazee kila siku? Tunaomba baridi ya huko iwe imeanza kulegea. Sisi huku ni wazima. Mama yangu presha imeshuka, ameacha chumvi kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa na chumvi yenyewe. Mimi bado nafundisha Historia na Serikali pale Ruiru, kidato cha tatu na cha nne. Mvua zimeanza, na kwa mama yako Witeithie matope yamefika mlangoni.

Mama yako ndiye sababu ya barua hii. Kimwili yuko sawa, anakula, anatembea hadi dukani na kurudi. Lakini wiki mbili zilizopita aliniita Mwongeli mara tatu, akaniuliza kama nimewafungia mbuzi. Mwongeli ni mama yangu, na mbuzi sijawahi kuwaona katika boma lile tangu nizaliwe. Nilimjibu kwamba nimewafunga.

Habari za shamba unazijua, ila ulikuwa mdogo, kwa hivyo nitazirudia kidogo. Mwaka 1983 familia thelathini na moja zilinunua ardhi ile kwa pamoja. Siku ya kugawana, namba za ploti ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kiondo cha Susu kwa sababu hakuna aliyemshuku, na kila mtu akatumbukiza mkono akatoa chake. Sasa kuna kampuni inayotaka kujenga magorofa. Imeleta orodha nyingine, namba nyingine, na majina ambayo hakuna mtu Witeithie anayeyafahamu. Watu watatu walisimamia kiondo siku ile, wakiona kila namba iliyotoka. Wawili wamekufa, amebaki Susu. Nikimuuliza Susu habari za siku hiyo anajibu kwa mpangilio: nani alitoa namba gani, nani alilia, nani alitaka kubadilishana na mwenzake akakataliwa. Hakosei. Asubuhi inayofuata hakumbuki kama amekunywa chai.

Huenda umesahau jambo ulilotusimulia ulipokuja nyumbani Krismasi ya 2016. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekaa pembeni namenya njugu. Ulisema kule kwenu ng'ambo kiti kimoja cha mahakama ya juu kilikuwa wazi tangu Februari, na kwamba mwanamke mmoja unayefanya kazi naye alikuwa hampendi mgombea wake wa urais hata kidogo, haamini maneno yake, hangemwachia watoto wake kwa saa moja, lakini alimpigia kura kwa sababu ya kile kiti. Rais ataondoka, alikwambia, jaji atabaki. Nyote mlicheka. Mimi sikucheka. Nilishangaa kwamba kitu kisichokuwepo, kiti tu, kinaweza kumtoa mtu nyumbani kuliko mtu aliyesimama jukwaani.

Nimelifikiria tena sana tangu Novemba, na nitakueleza sababu.

Baada ya ibada, Jumapili ya pili ya mwezi huo, kundi letu la kesi lilikutana uani mwa kanisa. Gathoni, yule anayeuza chakula cha kuku, akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Hawa majaji hutolewa wapi? Hupandwa?" Nikasimama nikaeleza kama ninavyoeleza darasani: tume ya mahakama huwahoji watu na kupendekeza majina, Rais huwateua, halafu Jaji Mkuu huwapangia vituo. Nilisema pia kwamba sijui jaji wetu amekwama hatua gani, na kwamba pengine si kwa Rais kabisa. Nilizungumza dakika kumi. Walichoenda nacho nyumbani ni neno moja: Rais.

Unamkumbuka Mzee Mbaluka, aliyekuwa dereva wa lori la mawe? Sasa ndiye mwenyekiti wetu. Mwaka 2022 alimwambia kila mtu kwamba kupiga kura ni kuchafua kidole bure, na alipewa heshima kwa kusema hivyo. Baada ya mkutano ule alianza kupita mlango kwa mlango na daftari, akihimiza watu wajisajili kwa uchaguzi wa mwaka ujao. Nilimsikia kwa masikio yangu akimfokea Muoki, kijana wa nyumba ya pili: "Wewe umelala, na jaji hana mtu wa kumleta?" Muoki akamjibu, "Mzee, mimi hata simpendi mmoja wao." Mbaluka akasema, "Nani amekuuliza kupenda? Uliza atateua majaji ama hateui. Hiyo tu." Ilikuwa kama kumsikiliza yule mfanyakazi mwenzako akizungumza Kiswahili cha Ukambani.

Kufikia Februari walikuwa wamejisajili watu sabini na wanne kutoka familia hizo thelathini na moja. Mimi nimefundisha habari za uraia kwa miaka minne, na sidhani nimewahi kumpeleka hata mtu mmoja kwenye ofisi ya uchaguzi.

Kisha ikafika tarehe ya kutajwa kwa kesi. Tulikuwa kwenye dirisha la masjala, mimi, Mbaluka na Gathoni, kuandikiwa tarehe nyingine. Mbaluka akatoa bahasha ya kaki chini ya koti akaisukuma kwa karani, msichana mmoja mwema anayeitwa Jackie. Ndani mlikuwa na nakala za zile karatasi ndogo anazopewa mtu akijisajili kupiga kura. Zote sabini na nne, zimepangwa kwa familia, zimebanwa na pini.

"Mzee, hii si ofisi ya uchaguzi," Jackie akamwambia.

"Najua. Weka tu kwa faili."

"Niweke nikisema ni nini?"

"Jaji akikuja ataona ni nani walimleta."

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Mwanamume mmoja nyuma yetu akauliza, "Na ile kampuni mnashtaki ikileta zake?" Gathoni hakugeuka hata kichwa. "Kampuni iko na kidole ya kuweka kwa mashine?" Jackie alicheka hadi akafunika uso kwa kitabu cha rejista, kisha akanirudishia bahasha mimi. "Mwalimu, hawa ni wanafunzi wako?"

Nilisema ndiyo. Mbaluka akaongeza, ili foleni yote isikie, "Na mwalimu mwenyewe hana karatasi. Nimehesabu."

Ilikuwa kweli. Siku mbili baadaye nilikwenda nikajisajili Ruiru. Sikwenda kwa ajili ya jaji, wala sijui bado nitampigia nani. Niliona tu kwamba siwezi kuwasahihisha watu waliosimama foleni ambayo mimi mwenyewe sijasimama.

Bahasha ile iko mezani kwangu. Mwanzoni niliona ni jambo la kuchekesha, baadaye likaniogopesha, na sasa nalitazama tu. Hawakukosea kila kitu. Ni kweli anayeshinda uchaguzi anagusa mahakama, na ni haki yao kumuuliza. Walichokosea ni kudhani jaji ni kama chifu au mbunge, kwamba atafika akitafuta watu wa kuwashukuru. Jaji anayejua ni nani walimleta hatatufaa, kwa maana kesho ataletwa na wengine. Yule mwenzako alitaka jaji wa upande wake. Watu wetu walianza kwa kutaka jaji yeyote, mtu tu wa kufungua mlango. Katika miezi mitatu wakafika pale pale alipo yeye, na aliyewaonyesha njia ni mimi.

Niliwaeleza hayo Jumapili iliyofuata, polepole, bila maneno makubwa. Walinisikiliza. Kisha Mbaluka akauliza, bila hasira, "Kwa hivyo turudi tulale?" Nikasema hapana, msilale. Akasema, "Basi," na watu wakaanza kukunja viti.

Siku hiyo hiyo nilileta jambo la pili, ambalo ndilo zito. Wakili wetu anasema ipo njia ya ushahidi wa mzee kuchukuliwa mapema na jaji wa mahakama nyingine, mji ulio saa mbili kwa gari, ukaandikwa na kurudishwa kwenye faili letu kumsubiri jaji atakayekuja. Nilimuuliza kama inaweza kufanywa kwa mtandao, na inawezekana, lakini tulimjaribu Susu kwa simu yangu. Akiambiwa azungumze na kioo ananyamaza kama yuko kwenye maombi. Lazima aketi mbele ya mtu.

Kundi lilikataa. Gathoni peke yake ndiye aliyesita. Mbaluka alisema Susu ndiye shahidi wa pekee aliyebaki, na hawezi kutolewa kwa jaji ambaye hawakumleta. Wangoje uchaguzi, Agosti ya mwakani, jaji wao aje, Susu aongee mara moja, mbele ya jaji mwenyewe. Nikamwambia Susu hana mpaka Agosti ya mwakani. Akasema yuko na nguvu kuliko mimi. Nilimweleza habari za mbuzi. Akasema shauri kama hilo si la mjukuu, ni la watoto wa Susu, na kwa kuwa wewe ndiye kifungua mimba, nikuandikie, na neno lako ndilo litakalokuwa. Alisema hivyo akijua barua ya karatasi inachukua wiki ngapi. Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga, na sababu yake utaiona chini.

Jioni nilimuuliza Susu mwenyewe. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri, ameketi kwenye kigoda anachagua maharagwe, ananiita kwa jina langu. Nilimweleza yote: jaji wetu hayupo, watu wanataka angoje, kuna mwingine mbali. Aliendelea na maharagwe yake.

"Huyo mwingine ana masikio?"

"Anayo, Susu."

"Basi."

Nikamkumbusha kwamba Mbaluka atakasirika. Akasema Mbaluka alianza kukasirika mwaka 1983, alipotoa namba ya ploti iliyo kwenye mteremko.

Mama anakusalimu sana na anasema ile dawa ya magoti ilifika. Mjomba Kyengo amepata kazi ya ulinzi Thika na anaomba picha za watoto. Gathoni anauliza huko kuku wanakula nini, usipomjibu ataniuliza tena. Wasalimie Mbithe na mdogo wake, uwaambie kitabu walichonitumia kiko darasani kwangu na kimechakaa kwa kusomwa.

Sasa hiyo sababu. Sikukupigia simu, Aunty, kwa kuwa ungesema ndiyo au hapana, na hata ungesema hapana ningempeleka tu, kisha ungeubeba mzigo wa kukaidiwa na mimi. Kwa hivyo sikuombi ruhusa. Jumatano nilimpeleka Susu kwa wakili. Alisomewa hati yake ya kiapo kwa Kikamba mara mbili, akasahihisha mahali pawili, akaandika jina lake kwa mkono wake, Kalondu, herufi moja baada ya nyingine, akakataa kuweka kidole. Alhamisi ombi liliwasilishwa kwa jaji wa ule mji mwingine. Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Mbaluka kabla hajasikia kwa mtu, nikamwambia langoni. Hakunikaribisha ndani. Nakala ya kiapo nimeiweka pamoja na barua hii.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na akupe kuonana na mama yako angali akikuita Dianah.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukikasirika,

Mwelu