Njia Mbili za Makunduchi

Jang'ombe, 3 Mfunguo Nne 1330

Kwa mama yangu Bi Mwanakheri, Makunduchi.

Shikamoo mama. Sisi wazima, ila miguu yangu imevimba na usingizi sina. Wewe hujambo? Magoti je?

Mama, najua mtoto wa kwanza mtu humzaa kwa mamake mzazi, na mwezi wangu ndio huu. Lakini nije na nini? Meli mbili zimetia nanga, na punda wote wa mjini wamepandwa na Wazungu. Mkweo Mabrouk anawazungusha tangu alfajiri, sokoni, mashamba ya karafuu, mpaka majumba yaliyobomoka. Akirudi analala na viatu vyake. Gari la moshi lipo, lakini linakwenda Bububu, na mimi Bububu sina mama.

Nimechoka. Huenda nkajifungulia huku huku, kwa wakunga wa watu. Usinikasirikie.

Mwanao, Biasha


Makunduchi, 6 Mfunguo Nne

Mwanangu Biasha,

Marahaba. Huku salama, magoti ndiyo hayo hayo. Barua yako kaileta Mmanga muuza ndimu.

Kitanda nshakisuka kwa kamba mpya. Kuni nshazipanga uvunguni, na Bi Mwatum mkunga nshamwambia asiende mbali. Mimi nlikuzaa kwa mama yangu, naye alizaliwa kwa mamake, na wakati huo meli za moshi hazikuwapo wala hao wa kupanda punda. Leo unanambia wakunga wa watu.

Sikukasirikii. Nimechoka tu, na mimi.

Mamako


Jang'ombe, 12 Mfunguo Nne

Mwanangu,

Hujambo? Umefikaje? Umeshajifungua? Nijibu hayo kwanza, mengine baadaye.

Mimi niko kwako. Nlitoka kwa miguu bila ya kukuandikia, maana ungenikataza. Nkasema ikiwa mwana hawezi kuja kwa mama, mama atakwenda. Njiani nlilala kwa watu, na nlipofika Jozani magoti yalinigomea, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nafika mlangoni, jirani yako Kulthum ananitazama. "Biasha? Kaondoka jana na mashua ya wageni, yeye na mumewe. Kaenda kwa mamake."

Nlikaa barazani nkacheka, kisha nkalia. Kulthum kanikanda miguu kwa maji ya chumvi. Nyayo zimepasuka, siwezi kugeuza njia. Nnalala kitandani mwako, na wewe bila shaka umelala mwangu.

Mamako


Makunduchi, 15 Mfunguo Nne

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifika. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, ana masikio yako.

Mabrouk alipata wageni waliotaka kuuona msikiti wa kale wa Kizimkazi. Akawaomba wanipe nafasi mashuani, nkakaa baina ya vikapu vyao vya chakula, nkatapika njia nzima. Kutoka Kizimkazi nkachukuliwa kwa machela. Nlikuwa nawaza vile utakavyotoka mbio mlangoni. Nkakuta kufuli. Bi Mwatum ndiye aliyekuja na ufunguo, akanambia, "Mamako kakufuata mjini."

Uchungu ulinianza jioni ile ile. Nlizishika kamba zako mpya nkakuita, mama, nkakuita sana. Aliyeitika naam ni Bi Mwatum. Kuni zilikuwapo, maji ya moto yakawapo, kila kitu kilikuwapo isipokuwa wewe.

Jina bado. Watu wanasema siku ya saba, mimi nimesema mtoto atamngoja bibi yake hata ya ishirini na moja. Mabrouk anarudi mjini na wageni wake, na barua hii nimempa yeye. Nimemwapisha kwamba punda wa kwanza atakayempata ni wako, Wazungu watembee.

Poza miguu kwanza. Kisha njoo kwa njia yoyote uitakayo, ya bara au ya pwani. Mimi niko ndani mpaka arobaini, sivuki kizingiti. Safari hii hatuwezi kupishana.

Mwanao, Biasha