Valizi Kidogo ya Ndeke

Kamalondo, Élisabethville, mwezi wa tano 1955

Bwana yangu Donat,

Jambo sana kutoka ku nyumba yako. Mvua imekwisha, baridi inaanza, na jirani yetu Mama Chileshe amezaa mutoto mwanamuke.

Nafurahi valizi iliingia muzuri chini ya kiti cha ndeke, ile iliruka na weye mpaka Léopoldville. Si nilikuambia? Weye ulitaka ile kubwa ya ngozi, miye nikachagua hii kidogo ya turubai, sababu iko mwepesi na ndeke inapima kilo. Mashati mbili, suruali moja, sabuni: kwa juma moja ya kazi ku Léopoldville inatosha. Sababu ingine sikukuambia. Niliwaza, muntu mwenye mashati mbili atarudia ku nyumba mbio.

Sasa mwezi wa pili tangu uende unapita, na unaandika nikutumie sanduku yetu ya ndoa na nguo zako zote. Donat, mama yangu alibeba ile sanduku ku kichwa siku ya kuniingiza kwako. Unajua: ikitoka mu nyumba, bantu banasema ndoa nayo imetoka.

Iko hapa. Niko nakaa juu yake nikikuandikia. Mashati zako nimezipiga pasi. Kuya weye mwenyewe hapa ku nyumba uzikamate na ile valizi kidogo, mbili mbili.

Miye bibi yako,
Germaine Kunda