Ntumba za Mwaka Huu

Mazwi, Sumbawanga
20 Julai 1975

Kwa Bibi Margareth, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo Bibi. Natumaini u mzima, mgongo umekuachia kidogo na mwewe hajamaliza vifaranga. Mimi ni mzima kabisa, tena ukiniona sasa utanipisha njia ukidhani ni bwana mkubwa fulani.

Nimepata kazi! Sifagii tena duka. Mimi ni utingo wa Landrova inayoendeshwa na Yunusu, mtoto wa yule mwenye duka la vitambaa. Na utingo si mtu mdogo, Bibi. Dereva anashika usukani tu. Gari likikwama mchangani, analitoa nani? Mimi.

Mwezi ujao tunapeleka wageni wawili. Bwana Muhidin ni mpiga picha kutoka Dar es Salaam, ametumwa kutafuta mahali pa kuleta watalii walale kwenye mahema na wazungushwe kwa gari wakitazama mawe. Wazia, mtu anasafiri kuja kutazama jiwe! Mwingine ni Bwana Mbonile, mtu wa Mbeya, wa ofisi, yeye anakuja kukagua njia. Waliuliza pale gereji, nani anayajua yale mawe mekundu ya Nsangu, ukingoni mwa mteremko wa Lyamba? Nikasema, mimi nimezaliwa humo, nayajua kama meno yangu. Bwana Mbonile akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu, darasa la sita, la saba liliniogopa. Walicheka sana, lakini kazi nikapata.

Sasa nitajie majina ya mawe yote, maana nimeyasahau na nimeshajisifu.

Barua hii anakuletea Wilibrodi wa dagaa. Usimshukuru kwa ulezi mwingi, baiskeli yake itavunjika.

Mumeo mpenzi,
Tadei


Kijiji kipya, njia ya Mpui
27 Julai 1975

Kwa mjukuu wangu Tadei,

Marahaba. Mimi ni mzima, mgongo ni uleule. Hii nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Mwalimu wa watu wazima anasema naandika kama mtu anayepalilia. Usicheke.

Nimefurahi umepata kazi. Mume asiye na kazi huomba chumvi kwa mkewe.

Mawe hayana majina mengi. Lile refu ni Refu. Lile la nyuki ni la Nyuki. Sisi tulikuwa tunalima, hatukuwa tunatazama.

Sasa sikiliza. Wageni wapeleke upande linakochomoza jua. Kuna mchanga mtupu na nguzo ndefu, watapiga picha mpaka wachoke. Kwenye ufa wa nyuma usiwapitishe. Unajua kwa nini. Tangu tuhamishiwe kijijini mwaka jana nina nyumba hapa, jina langu limo daftarini, na shamba la kijiji naenda siku zangu zote. Lakini udongo wa huku ni changarawe. Chakula changu kiko kule nyuma ya ufa, penye kijito, kwenye ntumba zangu. Mwaka huu nimeinua matuta mia na ishirini peke yangu, nikafukia majani. Maharage nimeshavuna juu yake. Majani yakioza, mvua ikinyesha, nitazitawanya hizo ntumba nipande ulezi. Wakubwa wakiona watasema nimegoma kuhama. Mbali na wenzangu wachache hapa, wanaojua ni wewe na Wilibrodi anayeniletea chumvi.

Mdomo wako naujua. Ufunge kwa kamba.

Mkeo mzee,
Bibi


Mazwi, Sumbawanga
18 Agosti 1975

Bibi yangu wee,

Shikamoo mara saba. Habari za mgongo? Habari za mwalimu? Mimi nimerudi salama, nimekuwa mweusi zaidi na maarufu zaidi.

Tulilala huko siku tatu. Tuliacha barabara ya Mpui, tukashika ule mkondo mkavu wa mto. Mchanga, Bibi! Gurudumu likazama mpaka nusu. Yunusu akapiga honi, sijui alidhani mchanga una masikio. Hapo ndipo utingo alipoonekana. Nikakata matawi, nikatandika, nikachota mchanga kwa beleshi, nikapiga kelele, “Haya, vuta!” Gari likatoka likitikisa makalio kama bata. Bwana Mbonile alikuwa ameshashuka zamani, amesimama juu ya kichuguu na viatu vyake mkononi.

Majina ya mawe nimeyatunga, kwa kuwa uliniangusha. Lile lenye kichwa kipana ni Kofia ya Padri. Yale mawili yaliyoegemeana ni Walevi. Bwana Muhidin aliyaandika yote. Akaniuliza, “Na hili linaloning'inia?” Nikamwambia hilo ni Mama Mkwe, ukilizoea sana linakuangukia. Akaandika na hilo, bila kucheka! Litakuja kuchapwa kwenye vitabu huko Dar, na mtungaji ni mimi.

Lakini nikuambie kweli, nimekulia mle na sikuwahi kuyaona. Jioni jua likishuka upande wa pili, mawe yanawaka mekundu kama jembe linapotoka kwa mhunzi, kisha yanapoa taratibu yanakuwa ya zambarau. Ukilikwaruza jiwe kwa ukucha linamwagika mchanga, mstari mwekundu, mstari mweupe, kama kitenge kilichopasuka. Bwana Muhidin anaweza kukaa saa nzima akingoja kivuli kisogee, halafu anabonyeza mara moja tu. Nikamwambia, bwana, bibi yangu kwa muda huo angekuwa amemaliza robo eka.

Tulilala kwenye hema. Hema ni nyumba ya turubai, ukikohoa humu, jirani anakupa pole kule. Asubuhi tulikunywa chai tumekaa kwenye viti vya kukunja, tunatazama ziwa Rukwa linang'aa kule chini kama bati jipya. Mimi kiti sikupewa, lakini nilikaa juu ya sanduku, na sanduku lilikuwa refu kuliko viti vyao.

Kuhusu kule nyuma usiwe na wasiwasi. Siku ya tatu tulizunguka kidogo tu tukapita karibu, basi tukarudi.

Sina zaidi. Nakutumia mche wa sabuni.

Mumeo,
Tadei


Kijiji kipya, njia ya Mpui
14 Septemba 1975

Tadei,

Salamu. Afya ninayo kidogo.

Jumanne nilikuwa shamba la kijiji kutwa. Jumatano nikaenda kule nyuma. Sikukuta kitu. Kibanda kimechomwa. Kihenge kimefunguliwa, ulezi umechukuliwa, wanasema uko ghala la kijiji. Ntumba zote zimesawazishwa kwa majembe, pamekuwa tambarare kama uwanja wa mpira, na wamechomeka vigingi vyenye utepe mweupe. Nilimwuliza mwenyekiti. Akasema hapo patakuwa pa mahema ya wageni, kwa sababu pana maji na kivuli na mawe yanaonekana vizuri. Akasema nishukuru kwamba sikushtakiwa.

Majani yalikuwa hayajaoza. Yamefukuliwa yamekaushwa na jua, upepo unayachukua. Mvua ikija sina pa kupanda.

Sasa watu wanasema aliyetoa habari ni Wilibrodi, kwa sababu ni mtu wa kuja na alikuwa akipita kule na baiskeli. Hawanunui dagaa wake. Juzi wamemtobolea magurudumu. Wapo na wengine hapa wenye mashamba ya kujificha, wanaogopa zamu yao.

Wewe ulikuwa na wageni wale. Hukusikia ni nani aliyesema? Niambie, nijue kama nimtetee huyu mtu au nimwache.

Sabuni nimepata.

Bibi yako


Kijiji kipya, njia ya Mpui
5 Oktoba 1975

Tadei,

Salamu. Wilibrodi anasema barua yangu alikupa mkononi, na mara tatu amepita kuuliza majibu ukamwambia bado. Kama unaumwa, sema. Balozi wa nyumba kumi atawaita watu Jumapili ya pili ya Novemba. Ikithibitika ni Wilibrodi, ataondolewa kijijini. Ana watoto watano.

Bibi yako


Mazwi, Sumbawanga
2 Novemba 1975

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Siumwi. Wilibrodi akija hapa gereji anasukuma baiskeli yenye viraka, anasimama pembeni mpaka nimalize kazi, kisha anasema, “Tadei mwanangu, majibu ya Bibi tayari?” Nasema bado. Anasema, “Haya. Ukiandika umwambie mimi sikusema.” Ananituma mimi nikwambie wewe.

Ni mimi, Bibi.

Siku ile ya tatu sikuwapeleka kwenye ufa. Bwana Muhidin aliona mwanga mzuri akaingia mwenyewe, tukamfuata. Wakaziona ntumba zako. Bwana Mbonile akatazama akasema, “Haya ni mahame. Watu walishahama, hapa ni jangwa tu.” Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini akanigeukia akasema, “Au siyo, Darasa la Sita?” Wakacheka. Siku zote tatu walikuwa wananiita hivyo. Darasa la Sita lete maji. Darasa la Sita kunja hema. Sikukuandikia hayo.

Basi nikainama, nikatia mkono kwenye ntumba, nikachomoa majani. Nikasema, “Wakubwa, mmesoma lakini hamjui kitu. Hizi ni ntumba za mwaka huu. Majani hayajaoza, na mashina ya maharage haya hapa. Mwenyewe yupo, anangoja mvua.” Nilisema kwa sauti kama mwalimu mbele ya ubao. Bwana Muhidin akanipiga bega, “Kumbe kichwa kinafanya kazi!” Bibi, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Nilifurahi mpaka jioni.

Bwana Mbonile hakucheka. Alikuwa anaandika.

Kuna na lingine. Ile Jumanne ya Septemba nilikuwepo. Tulikuja na gari na vibarua wanne. Bwana Mbonile akaniuliza, “Mwenyewe wa hapa unamjua?” Nikasema simjui. Akanipa jembe. Nikalima pamoja na wale. Nilikuwa nahesabu, nikafika ishirini na tatu, nikaacha kuhesabu, lakini kulima sikuacha. Kibanda sikukiwasha mimi. Kiberiti walikosa, nikatoa changu.

Sasa gereji nzima wananiita Bwana Mawe. Wanasema kambi ikifunguliwa nitapewa shati lenye jina kifuani.

Naomba kitu kimoja tu. Mwambie balozi kwamba una hakika si Wilibrodi, ila usiseme ni nani. Barua hii isome uichome. Watu wa hapo wamenilea, wakijua nitaupeleka wapi uso wangu? Nimeibandika kwa gundi, Wilibrodi hajui amebeba nini.

Mjukuu wako,
Tadei


Kijiji kipya, njia ya Mpui
10 Novemba 1975

Kwa Tadei,

Marahaba. Nimeitikia.

Umesema niichome. Vimechomwa vya kutosha.

Jana balozi aliita watu. Nilisimama nikasema si Wilibrodi. Wakasema, mama, unamtetea kwa sababu ya chumvi yake. Nikasema nina hakika. Wakasema, basi mtaje mwenyewe. Nikakaa. Barua yako ilikuwa kwenye pindo la kitenge, nilikuwa nimeifunga nisiitoe. Nikamtazama yule mtu. Amevua kofia anaikunja, anaikunjua. Mkewe ametazama chini kama aliyeiba.

Nikasimama tena. Sikumpa mwalimu aisome, yeye angesoma haraka haraka. Nilisoma mwenyewe kwa kidole. Ilichukua muda mrefu. Pale ulipoandika ulifurahi mpaka jioni nilikwama, ikabidi nirudie. Nikasoma mpaka mwisho, na jina lako sikuliruka.

Wilibrodi akasema, “Barua hiyo niliileta mimi.”

Watu wamenunua dagaa wake wote, hata wasiokula dagaa. Magurudumu wamechanga watampatia mengine.

Mimi nimepewa debe moja la ulezi kutoka ghalani. Ni ulezi wangu, nilisema asante. Katika barua yako yote hukuuliza nitakula nini.

Sikuiti uje. Sikukatazi.

Bibi yako,
Margareth


Mazwi, Sumbawanga
18 Novemba 1975

Bibi,

Shikamoo. Habari za mgongo? Unakula mara ngapi kwa siku? Nijibu kweli.

Barua yako Wilibrodi alinipa gereji. Hakunisalimia. Aliishika upande wake, nikaishika upande wangu, tukakaa hivyo mpaka akaiachia.

Nilikasirika, nitakuwa mwongo nikisema sikukasirika. Siku mbili nilijiambia bibi gani anamtoa mjukuu wake mbele za watu. Kisha nikakumbuka nilivyosema simjui, na hasira ikakosa pa kukaa.

Kazi nimeacha. Nilianza kumwambia Yunusu nimepata kubwa zaidi Mbeya, nikakatiza katikati, nikamwambia lile shamba lilikuwa la bibi yangu. Alizima injini. Akasema, “Na wewe ukalima?” Nikasema ndiyo. Akawasha gari akaondoka.

Najua mwezi huu si wa kuinua ntumba, tutangoja mpaka Machi. Lakini nyuma ya nyumba yako hapo kijijini nitaanza kuokota changarawe sasa, na majani nitakata mara mbili ya yale ya kule.

Nakuja Jumamosi, siku ya gulio. Mwenzangu wa gereji amenishauri niingie jioni watu wameshatawanyika. Nimekataa. Nitapita katikati ya gulio, na kwa Wilibrodi nitasimama kwanza, hata akitaka nisimame mpaka afunge meza. Kwako nitakuja baadaye.

Usinipokee njiani. Na watoto wakinifuata nyuma wakiniimba, usiwanyamazishe.

Mjukuu wako,
Tadei