Sauti ya Marehemu Imefifia na Lawama Ni Zangu

Bi Umi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo maana yangu yamekwisha, nimechoka mpaka basi, na hapa ninapoandika mume wangu yuko sebuleni anasikiliza wimbo uleule kwa spika nyingine tena, alizoletewa azijaribu.

Naitwa Witness, naishi Lindi mjini. Mimi na mume wangu Jerome tulifunga ndoa tukiwa watu wazima, kila mmoja amefiwa na mwenzake, na mimi humwita Baba Rose kwa jina la binti yake Rosemary, aliyemzaa na marehemu mkewe Tekla, naye huniita Mama Alex kwa jina la mwanangu. Tekla alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, na kuna kaseti moja tu ambayo ndani yake anaongoza wimbo wa shukrani, na kaseti hiyo mume wangu anaipenda kama mboni ya jicho. Sikuwahi kuona wivu, nakuambia kweli. Mwanzoni mwa ndoa yetu alinikalisha kwenye kiti cha katikati, akaniambia nifumbe macho nioneshe kwa kidole kila mwimbaji amesimama wapi, mimi ambaye kwetu redio ilikuwa kitu cha kuwashwa wakati wa kupika, na siku moja nikasikia, mzee wa sauti nene anakohoa upande wa kulia, benchi linasogezwa nyuma, mvua inaanza kugonga bati la kanisa, halafu Tekla anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, nikalia bila kujua ninalia nini. Tangu hapo naupenda muziki kwa namna ambayo sikuijua, na Tekla nampenda pia.

Shida ilianza Baba Rose aliposema sauti ya Tekla imekuwa nzito, kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Kuna fundi anaitwa Leonadi anayewaletea watu vyombo vizuri vya muziki kutoka Dar es Salaam, na mteja anaruhusiwa kuvijaribu nyumbani kwake kwanza, kwa sababu spika inayosikika vizuri dukani inaweza isisikike vizuri sebuleni kwako. Basi ikaja amplifaya, zikaja spika ndefu za mbao, ikaja deki nyingine ya kaseti, na kila kitu kikija tunakaa, feni inazimwa, jirani anaombwa asitwange, tunasikiliza, naye ananiuliza kama na mimi naona imefifia. Bi Umi, mimi nilikuwa nasikia kila kitu, hata midomo ya Tekla inapoachana, lakini kwa kumridhisha, na kwa kuchoka kukaa kwenye kile kiti, nilikuwa namjibu ndiyo, imefifia kidogo.

Ukweli niliujua taratibu. Ngoma anaisikia, wanaume anawasikia, wanawake ndio wanaompotea. Birika likipiga mluzi jikoni yeye yuko palepale na gazeti lake, simu ikilia hageuki, kanisani anasema padri siku hizi anaongea ndani kwa ndani, na asubuhi nikimsalimia haitikii mpaka nikadhani ana hasira na mimi. Vyombo vya Leonadi havina kasoro, masikio yake ndiyo yanakwenda, na mimi nilishindwa kumwambia mwanamume kwamba huyo marehemu anayemtafuta huenda asimsikie tena, huku mimi, mke wa pili, namsikia.

Ndipo nikafanya nilichodhani ni busara. Nilimwendea Shamte wa Mitole, mtani wa ukoo wao tangu enzi za mababu, maana kwetu huku mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na hukasiriki. Shamte akaja, akasikiliza kaseti, akasema mbele ya wageni, "Jerome, spika zako nzima, mabovu ni hayo masikio. Mwambie Leonadi akuletee mapya uyajaribu." Watu wakacheka, Baba Rose akacheka kuliko wote, akamtoza kuku kwa utovu wa adabu, na wiki ileile akaagiza spika kubwa zaidi. Nilipojaribu mwenyewe kumwambia kwamba alichosema Shamte ni kweli, akacheka tena. "Na wewe Mama Alex umekuwa mtani wangu?"

Sasa spika kubwa zimekuja na Tekla bado hasikiki, naye amepata jibu lake. Anasema kama kila chombo kimeshindwa basi kaseti ndiyo imeharibiwa, na mimi mwenyewe nilikiri kwa mdomo wangu kwamba imefifia, na anayeitunza ni mimi, kabatini, kwenye kopo la maziwa ya unga. Juzi aliniambia bila kupandisha sauti, "Witness, ulikuwa unamwonea wivu, ukaianika juani." Ameita kikao cha familia mwisho wa mwezi, Rosemary anatoka Mtwara na baba zake wadogo wanakuja, nikajieleze. Nikitaja masikio pale nitamvua nguo mbele ya mwanawe, nikinyamaza nitakuwa mwanamke aliyeiua sauti ya mama wa watu. Nifanye nini?

Witness, Lindi


BI UMI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Witness. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hicho kikao. Pole sana. Kumhudumia mtu asiyejua kwamba anaumwa kunachosha kuliko kumhudumia aliyelala kitandani, na wewe umefanya hivyo muda mrefu bila mtu wa kukusaidia. Pole ukishaipokea, sasa tugombane.

Ile "ndiyo, imefifia kidogo" ulidhani ni upole. Mumeo alikukalisha kwenye kile kiti kwa sababu aliyaamini masikio yako, aliyoyafundisha mwenyewe. Ulikuwa kipimo chake cha pekee, ukamharibia kipimo. Ungemwambia siku ya kwanza kwamba wewe unasikia vizuri, leo asingekuwa na sababu ya kuilaumu kaseti, wala ya kukulaumu wewe.

Na hili la mtani, mama, ulifikiria nini? Mtani anaruhusiwa kusema lolote kwa sababu hakuna anayelazimika kumwamini. Ulimpa Shamte neno zito alibebe, likafika likiwa mzaha, na ulipolirudia wewe likawa mzaha wa pili. Simlaumu Shamte, kazi yake aliifanya vizuri na kuku akatozwa. Hilo neno lilikuwa lako, nawe ulilikimbia.

Sasa nisikilize. Usisubiri kikao. Chagua mchana ambao hamna mgeni, zima feni na televisheni, kaa mbele yake auone mdomo wako, usitabasamu, na uanze na kosa lako. Mwambie siku zote ulikuwa unasikia, na ulimjibu uongo kwa sababu ulichoka. Hapo hawezi kudhani unamtania, maana mtani hakiri kosa. Kisha mtajie unavyovisikia kwenye kaseti, kikohozi, benchi, mvua, pumzi ya Tekla, umuulize kipi katika hivyo anakisikia yeye. Akikasirika, mwache akasirike. Usiape kwa Biblia, na usifungashe mizigo kwenda kwa kaka zako.

Asipokuamini, mpigie Rosemary aje kabla ya wengine. Hana haja ya kukutetea. Aketi na baba yake peke yao, amsikilize mama yake, aseme anachosikia. Baba atayapokea haya kwa urahisi zaidi kwa mwanawe sebuleni kwake kuliko kuyapokea mbele ya wadogo zake, na baada ya hapo hicho kikao mwenyewe atakiahirisha.

Kisha mpeleke hospitali kwa daktari wa masikio. Wewe si daktari, wala mimi. Inaweza kuwa nta imejaa, inaweza kuwa umri, na kuna vifaa vya kuvaa sikioni vinavyowasaidia wengi, ingawa siwezi kukuahidi kwamba atamsikia Tekla kama zamani. Leonadi azichukue spika zake, asilete nyingine mpaka mtoke hospitali, na kabla hajaondoka awatolee nakala ya ile kaseti.

Nimalizie na jambo ambalo barua yako imelipita. Umeniandikia kutoka mwanzo hadi mwisho habari za sauti ya mwanamke ambayo mumeo haisikii, na mwanamke huyo kila mahali ni Tekla. Wewe je, sauti yako ni nene? Hizo salamu za asubuhi ulizodhani amezikataa, yawezekana hazikumfika kabisa. Yawezekana naye anakaa hapo na gazeti lake akijiuliza kwa nini mkewe siku hizi hasemi naye, na ameona heri akushitaki kuliko kuishi na mtu aliyenyamaza. Ya Tekla imeshanaswa, itakuwepo. Anayempoteza kila siku ni wewe, na hajui, kwa sababu hujamwambia. Mwambie leo, na umkaribie sana unapoongea.