Nimeng'oa Vigae vya Paa Langu Ili Rafiki Yangu Mmarekani Asije Kulala

Mpendwa Bi Hester,

Nisaidie kabla ya tarehe ishirini na mbili ya mwezi huu wa Mei, maana baada ya hapo sioni utakachoweza kunisaidia. Jina langu liandike wazi, Winifred Garrod, sina cha kuficha tena kwa sababu nusu ya kijiji wameshaniona juu ya paa na miaka yangu sitini na saba, na huyo ninayekuandikia habari zake anaishi Nebraska, ambako gazeti lenu halifiki.

Anaitwa Loretta. Baba yake alikuwa ndani ya ndege ya kivita ya Kimarekani iliyoanguka kwenye shamba letu la shayiri mwaka 1944, mimi nikiwa na miaka minane, na marehemu baba yangu ndiye aliyemtoa kwenye moshi akamlaza jikoni kwetu, na yule Mmarekani akafia pale pale, na Loretta wakati huo alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Mwaka 1971 alikuja kugonga mlango wetu na picha ya baba yake mkononi, mama akampa chai, akalala chumba cha juu ambacho dirisha lake linatazama lile shamba, na tangu hapo kila mwaka, mwishoni mwa Mei, anakuja, analala chumba kile kile, tunaweka maua kwenye jiwe la kumbukumbu kwenye kona ya shamba, anakaa siku kumi na kucheka kwa sauti hadi majirani wajue amefika, na mimi sikujaliwa dada, Bi Hester, kwa hiyo unaelewa.

Sasa imekuja vita hii ya Iraki. Mwezi wa Februari nilipanda basi na wanawake wa kanisani tukaenda London kuandamana ili vita isianze, nikabeba kibao, mimi ambaye sijawahi kubeba kitu barabarani isipokuwa kapu, na Jumapili iliyofuata Loretta alipopiga simu kama kawaida yetu nikamsimulia, nikidhani namwambia tu nilikokuwa. Akasema, "Winnie, Tanner wangu anapelekwa huko wiki hii, na wewe unabeba kibao?" Tanner ni mjukuu wake, ana miaka ishirini, na alipokuja hapa akiwa na miaka saba ni mimi niliyemfundisha kuendesha baiskeli uani kwetu. Nilitaka kumwambia kwamba sikuandamana dhidi ya Tanner, niliandamana ili asipelekwe, maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, lakini kilichotoka ni, "Huku kwetu mvua imekaza sana." Akasema kwao kuna theluji. Tukaagana.

Tangu siku ile simu zetu ni za hali ya hewa tu, isipokuwa mara moja, Aprili, aliposema kwamba sisi Waingereza tunasahau upesi ni nani waliokuja kufa kwenye mashamba yetu, na hata serikali yangu inajua vita ni ya haki ndiyo maana imeingia pamoja nao, nikasikia damu ikinichemka, maana mimi ndiye niliyeona mtu akifa jikoni kwetu, si yeye, nikamjibu kwa adabu kwamba chai yangu inapoa. Baada ya hapo nikajiuliza nitakaaje naye meza moja siku kumi, nikashindwa kupata jibu, basi nikamwandikia barua nzuri nikasema nasikitika sana, paa la chumba cha juu linavuja, mwaka huu haitawezekana.

Mwingereza yeyote angeelewa. Angejibu kwamba pole, na kwamba hata yeye mwaka huu ana shughuli nyingi, na mambo yangeishia hapo kwa heshima. Loretta alipiga simu siku ile ile barua ilipofika, sauti imechangamka kama zamani: "Shoga yangu, usihangaike hata kidogo. Nakuja na Duane." Duane ni mumewe, fundi paa aliyestaafu, amepiga vigae miaka arobaini, na hajawahi kukanyaga Uingereza kwa sababu anaogopa ndege kama kifo. Tiketi ameshakata, wanafika tarehe ishirini na mbili. Anakuja na nyundo zake.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana paa letu ni zima kabisa, Cyril mume wangu alilitengenezesha mwaka juzi tu, na nikaona Duane akipanda juu dakika moja itamtosha kujua. Jumanne baada ya kifungua kinywa nikachukua ngazi, Cyril akaishikilia chini, nikapanda nikang'oa vigae vitatu. Cyril ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Nilioa mwalimu wa shule ya Jumapili, leo namshikia ngazi mtu anayejibomolea nyumba." Kisha akaniuliza kama vitatu vinatosha.

Jumatano ikanyesha, Alhamisi ikanyesha. Dari ya chumba cha Loretta sasa ina doa kubwa kama sinia, ndoo iko juu ya kitanda, godoro tumeliegemeza ukutani. Kwa hiyo swali langu ni hili: kwa kuwa paa sasa linavuja kweli, je, bado nimesema uongo? Siwezi kumwacha Duane alitengeneze, nikawapikia vizuri, tukanyamaza, vita ikaisha na sisi tukabaki kama tulivyokuwa? Sitaki kumpoteza Loretta. Wala sitaki kukaa mezani kwangu nikiambiwa kwamba vita ile ni ya haki, kwa sababu si ya haki, na nikimwambia hivyo naogopa atafunga sanduku asirudi tena.

Winifred Garrod, Suffolk


Bi Winifred,

Ndiyo, bado ni uongo, tena sasa umelowa.

Sikufichi, nilicheka hadi chai ikanipalia. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili nikakasirika. Mwanamke wa miaka sitini na saba anapanda ngazi, anahatarisha kiuno chake, anaharibu dari yake, yote hayo ili asitamke sentensi moja mbele ya mtu anayemhesabu kuwa dada yake. Mimi pia ni wa huku, mama, naijua hii tabia yetu, nimeikuta hata kwangu mwenyewe. Tunadhani tukisema jambo kwa upole wa kutosha halitakuwepo. Loretta hakulelewa hivyo. Kwao ukisema paa linavuja wanatafuta nyundo. Wewe ulimpa udhuru, yeye akakuletea mume. Mtu anayeogopa ndege amekata tiketi kwa ajili ya vigae vyako, na sidhani kwamba anakuja kwa kupenda vigae.

Kuhusu vita, sitakuambia ubadili msimamo. Na mimi nilikuwa London siku ile, miguu iliniuma wiki nzima. Lakini tusidanganyane. Unamwadhibu Loretta kwa uamuzi wa serikali yake, ilhali serikali yako nayo imepeleka askari kule kule, na sijasikia kwamba kuna mtu aliyekunyima wewe kitanda.

Lile neno lake la Aprili lilikuwa baya, na limekuuma kwa haki. Ulitakiwa kumjibu pale pale: "Loretta, baba yako nilimwona mimi akikata roho. Usiniambie nimesahau." Usingehitaji zaidi ya hapo. Badala yake ulimwambia chai inapoa. Kwa hiyo hajui kwamba alikuumiza. Anachojua ni kwamba una paa bovu.

Sasa nikuambie kilichonikasirisha hasa. Umeniandikia kurasa nzima kuhusu paa, ndoo na godoro, lakini hukuniambia kama Tanner yuko hai. Nadhani hujui, kwa sababu hujauliza. Unaogopa kwamba ukimwulizia kijana itaonekana umeikubali vita. Hapana, mama. Itaonekana umemwulizia kijana. Huyo mwanamke baba yake alikwenda vitani hakurudi, hakumwona hata mara moja, sasa mjukuu wake naye yuko vitani, na rafiki yake kwa miaka thelathini na miwili kila Jumapili anampa habari za mawingu. Halafu ukamnyima na chumba. Ukiacha ile picha, dirisha lile ndilo kitu pekee alichoachiwa na baba yake, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Hapo ulikosea vibaya, na nakuambia bila kuuma maneno kwa sababu wengine wote wanaokuzunguka ni wapole mno, akiwemo Cyril.

Basi fanya hivi. Leo saa kumi na mbili jioni, kwao itakuwa mchana, piga simu wewe. Usingoje Jumapili. Kwanza muulize Tanner yuko wapi na ana hali gani, kisha funga mdomo. Akilia mwache alie, na akisema ya vita usiyoyapenda mwache amalize. Akimaliza, mwambie paa lilikuwa zima, ulilibomoa mwenyewe, na umwambie kwa nini, bila kupamba. Halafu mwambie kwamba unaiona vita hii ni makosa, kwamba uliandamana na ungeandamana tena, na kwamba ulipobeba kile kibao ulikuwa unamfikiria yule mtoto wa baiskeli. Maneno unayo tayari. Umeniandikia mimi nisiyekujua, sasa mwambie mwenyewe anayehusika. Duane naye aambiwe kwamba ni vigae vitatu tu, asije na zana za kuezeka kanisa. Na ngazi ile ifungiwe bandani, nawe usiiguse tena.

Huenda akakasirika, na atakuwa na haki. Huenda akasema anakuja Suffolk lakini halali kwako. Akisema hivyo usimbembeleze wala usinune. Watafutie yeye na Duane chumba kwa jirani, na siku ya maua nenda shambani saa ile ile ya kila mwaka, simama upande wako wa jiwe, umwachie upande wake. Nina hakika atakuja. Mkianza kugombana pale pale, gombaneni, tena kwa sauti, na kasisi akiwepo atasubiri. Miaka thelathini na miwili mmekuwa marafiki na hamjawahi kugombana hata siku moja. Mmechelewa sana.

Hester