Kicheko cha Nyuma ya Mlango

Mahalla, Jumatatu

Mwanangu Mahitab,

Pokea salamu, tena za moto. Natumai huko Tanta u mzima na kikohozi kimekuachia. Sisi wazima, mimi hasa: juzi sokoni nimemwangusha nyati kwa mkono mmoja, wa pili umeshika glasi ya chai, na tone halikumwagika. Mke wangu Tahiya anasema alikuwa ndama, tena mgonjwa. Usimsikilize.

Riwaya yako ya kwenye simu tumeimaliza. Tahiya alinisomea, maana shule niliiacha darasa la nne, mwalimu aliishiwa ya kunifundisha. Kumbe watu elfu arobaini wanamlilia huyo Sayf, anayemfungia mkewe chumbani siku tatu kwa kumpenda mno! Tahiya akasema huyo si mpenzi, ni askari jela aliyejipaka manukato. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Sahani ya maharage dirishani, mke akichekea nyuma ya mlango: umeandika vilevile nilivyokuwa nikisimulia.

Sasa mchumba wako Wagdi amekunyang'anya simu na kukuachisha kazi, nawe umemwambia Tahiya eti mwanamume anayependa kweli ndivyo alivyo, hata baba alikuwa hivyo. Umeyatoa kwangu hayo. Kila Idi nilisimulia jinsi kaka yangu Ragab, baba yako, alivyomfungia mama yako kwa wivu wa mapenzi. Watu wakipiga makofi, wewe mapajani pangu, mama yako akimimina chai.

Mama yako hakucheka nyuma ya mlango ule, mwanangu. Aliniita kwa jina. Aliniomba nifungue, mkono wake umevunjika. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, Ragab alinikabidhi. Sisi baba yetu alitufungia hivyohivyo, tukilia anatuambia ndiko kupendwa. Basi nikakaa pale nje nikatafuna mbegu za tikiti mpaka akanyamaza. Kicheko nilikitia baadaye, hadithi inoge.

Ragab hayupo tena duniani, kwa hiyo Ijumaa, siku ya ndoa yako, ni mkono wangu mimi walii unaotakiwa kushikana na wa Wagdi chini ya leso nyeupe, mbele ya sheikh. Siutoi. Sheria inakuruhusu ujiozeshe mwenyewe; ukimtaka bado, sitakuzuia. Ila atakayeniuliza kwa nini nimekataa, nitamjibu yote, bila kunogesha.

Tahiya anakubusu. Kwa mama yako sithubutu kutuma salamu. Muulize kwanza kama atazipokea.

Ni mimi baba yako mdogo,
Abdelmawgud